Mstari wa Kwanza Ulisema Salama

Hebu sema, wewe ukikutana na jirani njiani asubuhi, akakuuliza habari za nyumbani, na huko nyumbani mbuzi amekufa, bati limeng'olewa na upepo na mtoto anaharisha, utamjibu nini? Utamjibu nzuri. Utamjibu nzuri kwanza, utamuuliza na yeye za kwake, naye atakujibu nzuri. Mtaulizana za wazee, za watoto, za shamba, na zote zitakuwa nzuri. Hapo ndipo utashusha pumzi na kusema, "Ila sasa..." Na hiyo "ila sasa" ndiyo itakayombeba mbuzi, bati na mtoto. Kule kijiji cha Malindi, juu ya Lushoto, mtu asiyejua kuingoja "ila sasa" ya mwenzake huhesabiwa kuwa hakulelewa.

Bi Sharifa alilelewa. Alilelewa mpaka ikawa taabu.

Alikuwa mjane mwenye kitalu cha miche nyuma ya nyumba yake, kitongoji cha juu kabisa, pale miti ya miwati inapoanza. Alikuza miche ya kabichi na ya koliflawa, na ya liki, ndugu wa kitunguu, ile inayoota myembamba kama nywele za mtoto mchanga. Wakulima wa bondeni walipanda mlima kuifuata, kwa sababu miche yake haikuwa na ujanja: ukiipanda, inashika. Aliimwagilia kwa kopo la maziwa ya unga alilolitoboa chini kwa msumari, matundu ya katikati madogo, ya pembeni makubwa kidogo, ili maji yashuke kama manyunyu wala yasichimbue mizizi. Na maji yenyewe aliyateka kwenye bomba la kitongoji, lililosimama mbele ya nyumba yake, karibu kiasi kwamba usiku ukiwa kimya aliweza kulisikia likidondosha.

Bomba lile lililetwa na mradi wa maji. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipokuwa kikipewa jina jipya. Zamani maji yalikuwa ya serikali, yalikuwa bure na hayakutoka. Sasa watu wakaitwa wateja, maji yakaitwa huduma, bomba likaitwa kituo cha huduma, na kamati ya maji ikaitwa wabia. Siku za mwanzo, tusimnyime mtu haki yake, lilitoka. Lilitoka vizuri sana.

Mradi ulifungua ofisi Lushoto mjini, nyuma ya soko, na ndani ya ofisi ukaweka kompyuta. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama redio ya nyumba ya maharusi, na ndani yake ilikuwamo programu ya kufuatilia matatizo. Aliyeileta ni Injinia Mika wa makao makuu, Dar es Salaam, mtu aliyezaliwa mjini na kusomea mbali, mwenye haraka ya kumaliza sentensi za watu. Siku ya uzinduzi aliwaeleza wananchi kwamba sasa tatizo halitalala. Mteja atafika ofisini, ataeleza shida yake, karani ataiandika, shida itapewa namba, na papo hapo kompyuta yenyewe itapeleka imeili kwa mhandisi Tanga, kwa makao makuu, na kwa wafadhili ng'ambo. Watu wakapiga makofi. Imeili hawakuijua, ila walielewa kwamba ni barua isiyohitaji mtu wa kuipeleka, na kwa kuwa wale wa kuzipeleka walikuwa wamepunguzwa kazi mwaka uliopita, jambo lilikuwa limejipanga.

Karani alikuwa Alen, mtoto wa Klara, yule Klara wa kwaya ya Kilutheri mwenye sauti ya kukatia kuni. Alikuwa amesomea kompyuta Tanga na kurudi na cheti. Siku nzima yeye na Injinia walikaa kuipanga programu: nani apelekewe taarifa, apelekewe ya nini, na lini. Sehemu ya nani apelekewe ilikuwa ngumu kuliko kuchimba mtaro. Kila mwenye cheo alitaka jina lake liwemo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rajabu, alishuka na koti lake la Idi kwenda kusema kwamba haiwezekani kompyuta iijue shida ya Malindi kabla yake. Alipoulizwa anwani yake ya imeili, alijibu kwamba yeye anajulikana. Basi wakamtungia anwani yenye jina lake na jina la kijiji, wakamwingiza, akarudi nyumbani ameridhika.

Likabaki suala la laini ya simu, ambayo ndiyo iliyopitisha imeili. Barua ndefu ilichukua muda wa chai kuchemka na kupoa, na mara nyingi ilikatikia njiani. Injinia akatoa uamuzi, naye alikuwa na kipaji cha uamuzi. Taarifa ibebe mstari wa kwanza tu wa maelezo. Alimweleza Alen kwamba mtu mwenye shida huanza na shida yake, hivyo mstari wa kwanza unatosha, na anayetaka zaidi ataingia mwenyewe kusoma. Akaongeza sharti: karani aandike maneno ya mteja kama yanavyotoka kinywani, bila kuyapanga upya, maana wafadhili wanapenda sauti ya mwananchi. Akaweka tiki kwenye visanduku, akafunga mipangilio yote kwa nywila yake, akapanda gari.

Kiangazi kilipoingia, bomba la kitongoji cha juu likakohoa, likatema matope, likanyamaza. Bomba kuu lilikuwa limepasuka huko msituni karibu na chanzo, na maji yakawa yanajimwagia bondeni bila mpango. Bi Sharifa aliitazama miche yake. Koliflawa haisamehe, siku chache za kiu zinatosha kuifanya itoe kichwa cha ukubwa wa kifungo. Akavaa khanga nzuri, akateremka Lushoto.

Alen alimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba. Alimjua tangu akiwa kwenye mbeleko, kwa hiyo alianza na Klara, akaja kwenye goti la Klara, akaja kwenye kwaya. Kisha Alen akaweka vidole tayari na kumuuliza, kama alivyoagizwa, habari za huduma ya maji huko juu.

"Salama, mjukuu wangu," akasema Bi Sharifa. "Alhamdulillahi, hatujambo wote."

Alen akaandika. Bi Sharifa akaendelea kwamba mahindi yamekubali, kwamba ng'ombe wa jirani amezaa ndama jike, kwamba hata kile kikohozi kimempungua. Alen akaandika. Ndipo Bi Sharifa aliposhusha pumzi na kusema ila sasa, lile bomba limekauka na miche inakufa. Alen akaandika na hilo, chini kabisa, mstari wa kumi na kitu. Kompyuta ikatoa namba. Ikapeleka taarifa Tanga, Dar es Salaam na ng'ambo: Salama, mjukuu wangu. Ilipaswa kumtaarifu na mteja, na kwa kuwa mteja hakuwa na imeili, Alen alikuwa amejaza anwani ya ofisi; basi kompyuta ikamtaarifu Alen kile ambacho Alen alikuwa ametoka kuiambia. Mambo yakawa yanakwenda.

Bi Sharifa akarudi na namba yake kwenye kikaratasi, akakichomeka kwenye mbao ya mlango, akangoja. Asubuhi alianza kushuka mtoni na ndoo, njia ya kuteleza, na kupanda nayo kichwani hatua kwa hatua akishika mashina ya miwati. Maji ya ndoo hayakutosha kitalu kizima. Akaanza kuchagua: tuta hili linywe, lile lisubiri. Lililosubiri lilianza kuwa njano.

Hakuwa peke yake. Watu wa vitongoji vingine nao waliteremka na shida zao, kila mmoja na adabu zake. Taarifa zikamiminika makao makuu: Hatujambo kabisa. Tunamshukuru Mungu. Kwetu wazima, labda nyie. Salama tu. Huko Dar es Salaam walifurahi kiasi cha kuchora mchoro. Hakuna mradi nchini uliokuwa na matatizo yenye afya namna ile. Kila tatizo lililofika likiwa salama lilifungwa siku ileile kwa maneno ya shukrani, na mhandisi wa Tanga akasifiwa kwa kasi yake.

Tatizo moja tu lilishughulikiwa. Ile anwani ya kutunga ya Mzee Rajabu haikuwako popote duniani, kwa hiyo kila taarifa iliyopelekwa kwake ilirudi, na kila iliporudi programu iliipokea kama shida mpya. Nayo mashine haikulelewa. Haikusalimu. Mstari wake wa kwanza ulisema: Anwani haipatikani. Makao makuu yakashtuka. Wiki ileile gari la mradi likapanda kutoka Tanga na mtaalamu ndani yake, likapita mbele ya bomba kavu la kitongoji cha juu likiwatimulia vumbi wanawake wenye ndoo, likasimama kwa mwenyekiti. Mtaalamu alitaka kujua kwa nini mwenyekiti hapatikani. Mzee Rajabu, aliyekuwa amekaa barazani kwake tangu alfajiri, alisema kwamba anapatikana. Mtaalamu akaliandika hilo, akala viazi alivyokaribishwa, akateremka.

Bi Sharifa alipoona gari limekuja kwa ajili ya anwani, alirudi ofisini. Safari hii Alen alikuwa amekwisha kugundua, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekalia sindano. Alimweleza bibi taratibu kwamba kompyuta inapeleka mstari wa kwanza tu. Kinachofuata kinabaki hapa hapa Lushoto.

"Yaani wanasoma salamu, hawasomi shida?"

"Ndiyo, bibi."

"Sasa mtu anayesoma salamu akaondoka kabla hujafika kwenye ila sasa, huyo ni mtu wa namna gani?"

Alen akasema ni Injinia.

Kijana alikuwa na moyo. Aliandika mwenyewe, bila kusubiri: Bomba la kitongoji cha juu limekauka. Bi Sharifa akamwambia amsomee alichoandika. Alipoyasikia maneno yale yakiwa uchi namna hiyo, bila hata hujambo, alijishika kifua. Aliuliza kama hayo yataonekana yametoka kwake, Sharifa binti Salimu. Alen akakubali kwamba jina lake litakuwa juu. Basi Bi Sharifa alimwambia kwamba baba yake alikuwa akiamkia hata watu anaodaiwa nao, na kwamba yeye hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila hodi na hataanza uzeeni. Afute. Alen akafuta. Wakaanza upya. Bi Sharifa akajiweka sawa kwenye kiti, akakaza shingo, akafumbua kinywa kusema bomba, na kinywa kikasema, "Habari za kazi?"

Walijaribu tena na tena, na kila mara kompyuta ikatoa namba na kupeleka salama nyingine. Mara moja alifika karibu sana. Alisema "Bom," kisha akaona aibu akaomba samahani, na kompyuta ikapeleka ng'ambo neno samahani.

"Basi, mjukuu wangu," akasema akisimama. "Mimi naweza kubeba ndoo. Hiki siwezi."

Alen akaona aubadilishe mpangilio wenyewe. Lakini nywila alikuwa nayo Injinia, na Injinia alikuwa amesema maombi yote ya mabadiliko yapitie kwenye programu, ili yapewe namba. Basi Alen akafungua tatizo lake mwenyewe. Aliliandika vizuri sana, kwa Kiswahili cha cheti. Alieleza kila kitu: mstari wa kwanza, salamu, bomba, miche, na anwani ya mwenyekiti. Akapendekeza taarifa ibebe maelezo yote hata kama laini itachelewa. Ila naye ni mtoto wa Klara. Alianza hivi: Shikamoo Injinia, huku kazi inaendelea vizuri.

Jibu lilikuja kabla ya chakula cha mchana. Lilisema: Marahaba, endelea hivyo hivyo.

Ukapita muda, na kitalu cha Bi Sharifa kikapungua tuta baada ya tuta. Kabichi aliiacha. Liki aliiacha nayo ikalala chini. Akabakiza tuta moja la koliflawa, karibu na ukuta wa jiko, ambalo alikuwa amewaahidi wakulima wa bondeni. Alilifunika kwa majani ya migomba mchana, akaliwekea ndoo yake moja ya siku. Wakulima walipita kuuliza miche inaendeleaje, naye akawajibu inaendelea. Walipoona yale majani waliinamisha macho wakauliza habari za watoto.

Ndipo ilipotoka habari kwamba wageni wanakuja. Makao makuu yalikuwa yamepanga vituo vyote kwa kuridhika kwa wateja, na kituo cha kitongoji cha juu, Malindi, kilikuwa kimeongoza. Hapakuwa na mteja mwingine aliyeripoti salama mara nyingi kama Sharifa Salimu. Injinia Mika angekuja mwenyewe na wafadhili, wapige naye picha bombani.

Mzee Rajabu aliita mkutano. Alisema wageni hawawezi kufika wakakuta hakuna hata maji ya kunawa, kijiji kitaonekanaje. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama si afadhali kionekane kilivyo. Mwenyekiti akamwangalia mpaka akakaa. Ikakubaliwa kila nyumba ya juu ilete ndoo. Bi Sharifa hakupinga. Mgeni ni mgeni. Asubuhi ya siku hiyo alishuka mtoni, akapanda, akasimama kidogo kati ya tuta lake la koliflawa na njia. Majani yalikuwa yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Kisha akaipeleka ndoo bombani, akaiweka chini ya mdomo wa bomba, mahali pazuri, kana kwamba maji yametoka humo.

Wageni walifika na magari yao. Juu ya bomba lilifungwa koja la karatasi za rangi, na kitambaa kilichoandikwa HONGERA MALINDI. Watoto wa shule waliimba. Injinia alihutubia, na hotuba yake ilikuwa na takwimu nyingi, zote njema. Alisema jinsi teknolojia ilivyoleta sauti ya mwananchi wa kawaida mpaka kwenye meza ya mfadhili, ikiwa safi, bila kuchujwa. Alen alikuwa amesimama nyuma ya wageni na mkoba wa Injinia mikononi. Alikuwa hamtazami Injinia. Alikuwa anamtazama Bi Sharifa, tena bila kupepesa.

Baada ya hotuba, Injinia alikunja mikono ya shati. Mzee Rajabu akampa ishara Bi Sharifa, naye akachota kwa lile kopo lake lenye matundu, maana ndilo alilokuja nalo, akammiminia. Maji yakamshukia Injinia mikononi kama manyunyu. Akanawa bila haraka, mara ya kwanza kumwona hana haraka. Akanawa vidole kimoja kimoja, akanawa mpaka kwenye viwiko, akayasifu maji ya milimani kwa baridi yake. Akachotewa tena. Yalidondoka kati ya viatu vyake, na ardhi kavu ikayanywa hapo hapo, ikabaki alama nyeusi tu. Bi Sharifa aliitazama ile alama. Ilikuwa na upana wa miche kama sita hivi, ikipandwa vizuri.

Mfadhili mmoja akainua kamera. Injinia akajipangusa, akasogea karibu na Bi Sharifa wapigwe pamoja, akainama kwa heshima, maana mbele ya wageni alikuwa mtu wa heshima.

"Shikamoo, bibi. Habari za maji?"

Watu wote wakalingoja lile neno, kama unavyongoja mguu wa pili wa mtu anayepanda ngazi. Lilikuwa limekwisha kuja. Bi Sharifa alilihisi likiwa mdomoni, tayari, laini, lilivyokuwa likija miaka yote, kwenye misiba na kwenye njaa, kwa watu wema na kwa watu wabaya. Ulimi ulikuwa umekwisha kuinuka. Alimwona Mzee Rajabu akitikisa kichwa kumtia moyo. Alimwona Alen, ameukumbatia ule mkoba kama mtoto, midomo yake ikicheza bila sauti. Akaligeukia jiko lake, na lile tuta chini ya majani ya migomba.

Marahaba hakuitikia. Za safari hakuuliza, wala za watoto wa Injinia, wala kama kule Dar es Salaam mvua imenyesha. Wanawake waliokuwa nyuma yake wakashika midomo. Alilimeza lile neno, na lilikuwa gumu kumeza, macho yakamtoka machozi. Kisha akasema, wala si kwa sauti kubwa:

"Nataka maji."